Doti Moja kwa Waliookoa Mwani

Sogeeni karibu, na anayejiona hodari wa kuhukumu akae mbele, maana kesi ya leo mimi imenishinda.

Palikuwa na watu watatu katika kituo kidogo cha utafiti wa bahari, kisiwani Pemba. Mize alijua maji. Alitunga kipande cha programu kinachoonyesha bahari itajaa lini, itakupwa lini, na mkondo utaelekea wapi.

Kombo alijua mwani. Kipande chake kilieleza mwani unavyokua, na joto gani unalivumilia kabla haujageuka mweupe na kukatika.

Wa tatu ni Nassra. Yeye alitunga kiungo, yaani kipande cha kuvifanya vipande vya wenzake vizungumze, hata kimoja kikitolewa na kingine kikawekwa mahali pake, kazi isisimame.

Sasa, kwenye skrini maji ya Mize yalikuwa buluu na mwani wa Kombo kijani. Kiungo hakina rangi. Wageni wakija husema, "Mashaallah, maji hayo!" au "Hebu tazama mwani!" Hakuna aliyewahi kusema tazama kiungo. Nassra alicheka na wageni, kisha akaenda kunawa uso. Alikuwa na wivu, wala sitamfichia: ulimuuma mpaka chakula kikawa hakipiti.

Huko kijiji cha Mikadini wanawake wanalima mwani, na kiongozi wao ni Bi Mkasi. Miaka miwili aliingia majini na kipimajoto, akaandika daftarini siku, saa na joto. Kombo akalichukua daftari, akaliingiza lote kwenye kipande chake. Bamvua kubwa, siku maji yanapojaa na kukupwa kupita kiasi, lilikuwa linakaribia, na wanawake walikuwa na swali moja tu: kamba za mwani wazihamishie kwenye maji ya kina, kazi ya kuvunja mgongo, au waziache?

Jumatatu Nassra akagundua kosa. Bi Mkasi aliandika saa tano, yaani saa tano asubuhi, jua kali na maji yamekupwa. Kombo akaingiza tano vilevile. Lakini kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo tano yake ni alfajiri, maji yamejaa pomoni. Joto lote likaangukia kwenye maji mengi, mwani ukaonekana salama. Kiungo ndicho kilichopaswa kukiuliza kila kipande kinahesabu saa vipi, na hakikuuliza.

Kulirekebisha kulihitaji mstari mmoja. Nassra hakuuandika. Waache waumbuke mbele ya watu, alijisemea, ndipo watajua mimi ni nani.

Jumatano wanawake wakaja kituoni. Skrini ikawaka kijani tupu.

"Mwani uko salama, Bi Mkasi," Kombo akasema. Wanawake wakapiga vigelegele vya kumsifu yeye na Mize. Kisha Bi Mkasi akamgeukia Nassra. "Na wewe, mwanangu, umefanya nini?"

"Nimeunganisha, bibi."

"Umeunganisha nini?"

Wanawake wakacheka, wala si kwa ubaya. "Basi hatuhamishi," akasema Bi Mkasi. "Alhamdulillahi. Mgongo ulishaanza kuniuma hata kabla sijainama."

Nassra alirudi nyumbani na neno lile, hatuhamishi. Alitaka wenzake waumbuke, kumbe watakaoumia ni wengine kabisa. Alhamisi alfajiri aliuandika ule mstari. Skrini ikageuka nyekundu. Akawaamsha wenzake, wakakimbilia Mikadini kwa bodaboda. Mize akasimama ufukweni akiita saa za maji kukupwa. Kombo akaingia majini kuonyesha kamba zipi zitangulie, na wanawake wakazihamishia kwenye maji ya kina. Ijumaa jua likachoma. Vijiji jirani mwani uligeuka mweupe wote. Wa Mikadini ukapona.

Bi Mkasi akaja kituoni na doti ya kanga. "Hii ni ya aliyeuokoa mwani wetu. Na haikatwi, nimeapa."

"Bila maji yangu msingejua yatakupwa lini," alisema Mize.

"Bila mwani wangu msingejua joto gani linaua," alisema Kombo, ambaye mama yake hajapata kanga mpya tangu Idi ya mwaka juzi.

Mize akamtazama Nassra, akashusha pumzi. "Lakini kosa kaliona nani? Mpe Nassra. Siku zote huwa tunamsahau."

Kanga ikawekwa mapajani mwake. Aliitamani siku hiyo kwa miaka.

"Na uliliona lini, mwanangu?" Bi Mkasi akauliza, kwa kutaka kujua tu.

Nassra aliishika kanga kwa mikono miwili. "Jumatatu," akasema.

Akaikunja, akaiweka mezani.

Haya, nyie mliokaa mbele. Kuna Mize aliyeleta maji. Kuna Kombo aliyeleta mwani, pamoja na kosa lake. Kuna Nassra aliyeona, akanyamaza, kisha akasema, na mara ya pili akasema alipoweza kunyamaza. Au Bi Mkasi mwenyewe, aliyeingia majini miaka miwili na daftari lake, ajifunge kanga yake arudi Mikadini? Mimi nimeshindwa. Je, wewe ungempa nani?