Nusu Kichwa cha Mama Gathoni

Katika mtaa wa Kayole alikuwepo msusi mmoja mkimbizi, Nsimire wa Bukavu, ambaye wateja wake walijaa hadi nje. Mama Gathoni, mwenye kibanda alimosukia, akaingiwa na tamaa ya biashara hiyo. Siku ambayo wakwe walikuwa wanaleta mahari ya bintiye, alikuja kusukwa bure kama kawaida yake. Upande wa kushoto ulipokwisha, Nsimire akauliza kwa upole:

"Mama, nasikia kibanda unampa dada yako?"

"Umesikia vizuri. Uhame."

"Nihame kesho?"

"Kesho ya nini? Leo hii!"

Nsimire alikusanya vitana, akafunga mfuko wa nywele za bandia, akang'oa kioo ukutani. Alipokipitisha mbele ya Mama Gathoni, mama akajiona: kushoto mistari imelala kama shamba la chai, kulia kichaka kimesimama.

"We! Wakwe wako njiani! Nimalizie kwanza!"

"Mama, sisi wakimbizi tukiambiwa tuhame, hatumalizi hata ugali uliokwisha pakuliwa."

Wateja wakaangua kicheko. Mama Gathoni akajishika kichwa, upande ule wa kulia.

"Basi rudisha kioo, mwanangu. Kibanda ni chako."

"Na dada yako je?"

"Huyo? Hajui kusuka hata mkeka!"