Binti Asiyekosea Neno

Mkulima mmoja wa mlimani, jina lake Shekiondo, alikuwa na ng'ombe wengi kuliko majani. Mvua ilipokatika mwaka wa pili, malisho yalibaki bondeni tu, kwa watu wenye lugha nyingine na mila nyingine. Watu wa mlimani na wa bondeni walikuwa wakikutana gulioni, wakiuziana chumvi na mahindi, kisha kila mmoja akarudi kwao. Hakuna aliyewahi kulala kwa mwenzake.

Shekiondo alikuwa na binti, Sikudhani, mwepesi wa kushika mambo. Akampeleka kwa Mwalimu Mdoe, ambaye lugha ya bondeni aliipatia gulioni kwa kuuza chumvi. Mwalimu huyo alikuwa mkali. Neno likitamkwa vibaya alilirudisha, na likija vibaya tena alilirudisha tena. Mimi simlaumu kwa ukali wake, maana alichokijua alikifundisha chote. Lakini gulioni mtu hakaribishwi ndani, na ya ndani hakuyajua, wala hakujua kwamba hayajui.

Sikudhani akaishika lugha ile hata akampita mwalimu wake. Ndipo baba yake akamtuma kwenda kuomba malisho. Desturi ilitaka mwanamume aende, lakini njaa haina desturi, na mwenye lugha alikuwa yeye. Nyumba nzima ilimtegemea.

Bondeni alipokelewa na mama mwenye boma, pamoja na wazee wa pale. Wakasalimiana, wakastaajabu: mtoto wa mlimani anasema kama aliyezaliwa kwao! Mama akaleta maziwa kwenye kibuyu. Sasa, kule mlimani mgeni aliyelelewa vizuri hukataa anapokaribishwa mara ya kwanza, hukataa na ya pili, na ya tatu ndipo hupokea, wasije wakamwita mlafi. Sikudhani alikuwa na kiu kali, lakini alikuwa amelelewa. Akashukuru kwa maneno mazuri kabisa, akasema ameshiba, akangoja kuhimizwa.

Hakuhimizwa. Mcheza kwao hutunzwa, na kule hakukuwa kwao. Bondeni maziwa hutolewa mara moja, na anayeyakataa amewakataa wenye maziwa. Mama akakirudisha kibuyu mahali pake. Binti akaeleza ombi la baba yake, akalieleza vizuri sana, na wazee wakamjibu kwa adabu kwamba majani hayatoshi. Akarudi mikono mitupu.

Ng'ombe wakaanza kuanguka. Shekiondo alikuwa akikaa zizini anawatazama. Mwalimu Mdoe aliposikia habari alisema kasoro ni maneno tu. Ombi kubwa linataka maneno makubwa, na binti arudi darasani akafundishwe misemo ya kuombea. Sikudhani akakataa. Alisema maneno anayo, ila kuna jambo alilikosea, na hataligundua akiwa amekaa nyumbani. Akafunga safari ya pili, akiwa na aibu yake na hasira yake, akijua kabisa kwamba kule hatakiwi. Hapo ndipo ninapompenda binti huyu. Wengi wetu tukikataliwa mara moja husema watu wale wana roho mbaya, na habari ikaishia hapo.

Safari hii hakuomba majani. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mama, akapiga goti, akamwuliza amewakosea nini. Kuuliza si ujinga, lakini kunauma. Mama akamjibu:

"Mwanangu, mgeni asiyejua lugha yetu akikosea, tunamwelekeza. Wewe unasema kama sisi, kwa hiyo tuliamini umekusudia."

Akamweleza habari ya maziwa. Binti alilia palepale. Alipotulia, naye akaeleza jinsi wanavyokaribishana mlimani, na kwa nini alikataa huku koo limemkauka. Ndipo mama naye akakumbuka kwamba zamani, gulioni, mwanamke mmoja wa mlimani alimkaribisha uji, naye akaupokea papo hapo kama alivyofundishwa na mama yake, akaona wale wanawake wanatazamana na kucheka. Tangu siku hiyo aliwahesabu watu wa mlimani kuwa ni watu wa dharau.

Mama akaenda mwenyewe kuwaita wazee, akawasimulia yote, ya binti na ya kwake. Wazee waliulizana sana, na mmoja wao hakukubali mpaka mwisho. Hata hivyo, malisho yakatolewa. Ng'ombe waliokuwa bado wanaweza kusimama wakateremshwa bondeni, wakapona. Wengi hawakuwahi.

Mwalimu Mdoe hakumfundisha binti yule neno hata moja la uongo, na ng'ombe walikufa. Basi niambieni, ninyi mnaofundisha lugha za watu: mwanafunzi wenu akisimama mlangoni kwa wenye lugha, akasema bila kosa lolote, nani atamsamehe yale msiyomfundisha?