Kalunguyeye Alipa Punje kwa Punje

Nikifungua?

"Fungua!"

Kikitoka kibaya?

"Kitoke tukione!"

Na mkiogopa?

"Tutasogeleana!"

Basi sogeleaneni kabisa. Mama Siwatu, najua hukuja kwa ajili ya ngano, umekuja kudai kikombe chako cha sukari. Kaa tu, tutafika huko. Na nyie watoto, nikitaja pango nikawaashiria, mnitwangie: twi, twi, twi. Bila kucheka. Mimi sipendi kuchekewa.

Palikuwa na mwaka wa njaa. Wanyama walikula majani, majani yakaisha. Wakala mizizi, mizizi ikaisha. Mwenye chakula alikuwa mmoja tu, Fisi. Mtama ulijaa pangoni mwake, na alikuwa anakopesha, tena kwa maneno matamu.

"Simama juani, ndugu yangu," anakwambia. Ni saa sita mchana. Unasimama. Fisi anamwaga mtama juu ya kivuli chako mpaka kifunikwe chote. "Zoa, kale na watoto. Siku ya kulipa utakifunika kivuli hicho hicho. Sizidishi hata punje."

Mmeuona ubaya wake? Saa sita kivuli ni kidogo, kimejibana miguuni. Siku ya kulipa Fisi anakuita jioni, jua linazama, kivuli chako kimelala kutoka hapa hadi kisimani. Utakifunika na nini?

Ukishindwa, Fisi anainama nyuma ya kisigino chako. Kwap! Anakikata kivuli kwa meno, anakikunja kama mkeka, anaondoka nacho. Na wewe unamfuata, maana aliyekatwa kivuli hana pa kwenda ila pale kilipo kivuli chake. Unakuwa msukule. Macho yako wazi, lakini hayapepesi. Unapewa mchi, unatwanga mtama wa Fisi mchana na usiku. Pangoni husikii sauti ya mtu. Unasikia nini?

"Twi, twi, twi."

Mume wa Kalunguyeye alikuwa humo. Kalunguyeye mnamjua, yule mdogo wa miiba, akiguswa anajikunja duara. Siku moja alikwenda mpaka mdomoni mwa pango, akaita, "Baba Chiku! Baba Chiku!" Mumewe akageuka. Akamtazama kama anatazama jiwe, kisha akarudi kwenye kinu. Kalunguyeye alilia njia nzima.

Kesho yake Fisi akapiga hodi kwake. "Shemeji, kivuli cha mumeo ni dhamana tu. Deni liko pale pale, na sasa ni lako. Nakupa siku saba." Akachungulia ndani. "Watoto wako watatu, eti? Wana vivuli vizuri."

Akaenda zake.

Hata vumbi la nyayo zake halijatulia, Kunguru akatua juu ya paa. "Mama Chiku, nipe vibaba viwili nikakuongelee kwa Fisi. Wadaiwa wote wanapitia kwangu."

"Na wako wapi hao wadaiwa?"

Upepo ukaleta sauti kutoka pangoni. Haya, itikieni.

"Twi, twi, twi."

"Vibaba viwili ningekuwa navyo ningewapikia wanangu," Kalunguyeye akasema. "Mdomo ninao. Nitaongea mwenyewe."

Akaingia ndani, akamwaga mtama wote uliobaki juu ya mkeka. Huu wa watoto, siku saba. Akautenga, akaufunika na ungo. Uliosalia ulijaa kifuu kimoja cha nazi. "Huu ndio wa Fisi," akasema, "na hauongezeki."

Kisha akakaa akawaza. Mbona Fisi hukata vivuli jioni tu? Mbona saa sita hakati, na kivuli kiko pale pale karibu na meno yake? Ilipofika saa sita akatoka nje, akaingiza ukucha chini ya kivuli chake mwenyewe. Kikakataa. Kilimng'ang'ania miguu kama mtoto anayeogopa kuachwa. Jioni akajaribu tena. Safari hii kilinyanyuka pembeni, chepesi, baridi, kama kitambaa kilicholowa. Kalunguyeye akakiachia haraka. Mwili ulimsisimka mpaka miiba ikasimama. Lakini alikuwa ameelewa.

Akaenda pangoni.

"Hodi, Shemeji."

"Karibu, Shemeji. Umeleta?"

"Nimeleta mpango. Nitalipa kidogo kidogo, punje moja moja, na kila punje utasema umepokea. Hatusogei mpaka ianguke ya mwisho. Ikishaanguka tutatazama. Kilicho ndani ya kivuli ni chako, kilicho nje ni changu. Pakibaki kivuli kitupu, hata pa kuweka kidole, utuchukue sote, mimi na wanangu."

Fisi akalamba midomo. "Kivuli chako?"

"Changu kiduchu, Shemeji, kitakupunja. Tupime chako. Tena tuanze jua likichomoza, vivuli vikiwa virefu."

"Hii hii hii! Mdaiwa anaomba kipimo kikubwa!"

"Ila chako nacho kimepinda mgongo," Kalunguyeye akasema taratibu. "Na humo ndani una mikeka mingi ya vivuli, imekaa bure."

Fisi hakungoja kuambiwa mara mbili. Akavikunjua vivuli vyote kumi na viwili, akavishona kwa ukindu kwenye visigino vyake. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa kinamzuia kushona, basi akakikata, kwap, akakikunja, akakitupa kando ya kinu. Hakuona tofauti yoyote. Miguu yake ilikuwa na vivuli kumi na viwili vya watu.

Asubuhi akatoka. Jamani! Kivuli kilichomtangulia kilifunika uwanja mzima, kina masikio yasiyohesabika, pembe huku, mikia kule. Na nyuma yake wakaja misukule kumi na wawili, kimya, kila mmoja amekifuata kilicho chake. Kalunguyeye akamwona mumewe. Mumewe hakumwona. Kalunguyeye akakishika kifuu kwa mikono miwili. Watoto walikuwa nyuma yake, wameshikana.

Ti. "Punje moja. Umepokea, Shemeji?"

"Nimepokea."

Ti. "Punje ya pili. Umepokea, Shemeji?"

"Nimepokea."

Ti. Ti. Ti. Jua likapanda.

"Fanya haraka!"

"Tulikubaliana, Shemeji. Punje moja moja. Ti. Umepokea?"

"Nimepokea!"

Fisi alikuwa anahesabu mtama, hakutazama kilicho chini ya mtama. Vile vivuli vilikuwa vinarudi nyuma, vinatambaa polepole bila kutikisa punje hata moja. Jua likapanda tena. Ukindu ukaanza kulia. Tak. Kivuli cha Swala kikapita kati ya miguu ya Fisi, kikamrudia Swala. Tak. Cha Ngiri. Tak, tak. Hakuna aliyepiga kelele. Kila aliyerudishiwa kivuli alivuta pumzi moja ndefu, kama aliyetolewa majini.

Tak. Baba Chiku akapepesa macho.

Kalunguyeye alitaka kumkimbilia. Akajizuia. Ilikuwa imebaki punje moja. Aliishika mpaka jua likasimama utosini, ndipo akaiachia.

Ti.

"Ya mwisho. Umepokea, Shemeji?"

Fisi akatazama chini. Mtama wote uling'aa juani. Hapakuwa na kivuli, wala mkia wa kivuli.

"Kivuli kitupu hakipo," Kalunguyeye akasema, "kwa hiyo sidaiwi. Na mtama wote uko nje, kwa hiyo ni wangu." Akainama, akauzoa wote, akaurudisha kwenye kifuu.

"Hii..." Fisi alianza kucheka. Kicheko hakikutoka. Macho yake yalibaki wazi, hayapepesi. Akageuka, akatembea taratibu kuelekea pangoni, kilipo kivuli chake, akaokota mchi. Sheria aliitunga mwenyewe. Itikieni.

"Twi, twi, twi."

Baba Chiku alirudi nyumbani, akala, akawajua wanawe kwa majina. Kalunguyeye alilia tena, safari hii kwa furaha. Ila kivuli cha yule bwana hakikupona sawasawa. Yeye akikaa, chenyewe husimama kwanza kidogo, kinasikiliza upande wa pango, kisha nacho kinakaa.

Basi, funzo. Ukidaiwa, lipa upesi, lipa chote kwa mkupuo mmoja, wala usijifanye una mipango. Wakopeshaji ni watu wenye huruma, msiwasumbue. Na ukipata Kunguru wa kukuongelea, mpe vibaba vyake. Mmesikia?

"Tumesikia!"

Nilifungua?

"Ulifungua!"

Nimefunga. Anayesikia kinachotwanga, asiende kuchungulia.

Eh, Mama Siwatu, sijakusahau, usinitazame hivyo. Kikombe chako cha sukari nitakilipa. Njoo kesho jua likichomoza, usimame pale uani. Nitakuhesabia punje moja moja. Na kivuli chako uje nacho.