Mlango wa Nyuma Uliofungwa kwa Waya

Kaeni, wapendwa. Nyie mliobanana kule karibu na mlango, huku mbele nafasi ipo, na mimi siumi mtu. Leo nina mfano wa gari dogo, dogo kabisa, linaenea kwenye kiganja. Watoto msifurahi mapema. Si gari la kuchezea.

Kulikuwa na baba mmoja aliyefiwa na mkewe katika ajali, na dereva alikuwa yeye mwenyewe. Walikuwa wanarudi kutoka kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yao: yeye kwenye usukani, mkewe kushoto kwake, binti yao wa pekee kiti cha nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule ukungu wetu mnaoujua. Kwenye kona lori lilikuwa limeharibika, na utingo alikuwa ameshakata matawi akayalaza barabarani ili watu waone. Yule baba aliyaona yale matawi akiwa ameshayakanyaga. Alipozinduka alikuwa hospitali. Mkewe alikuwa mochwari. Binti alikuwa kitanda cha jirani, mkono umefungwa bendeji, macho makavu, anamtazama.

Baba hakumuuliza kitu. Shikeni hapo, tutarudi.

Baada ya msiba watu wakaondoka, kama tunavyoondoka sisi tukishakula wali wa watu. Shemeji yake, anayeishi ng'ambo, akamwonea huruma. Akamtumia boksi la gari la kuunga: vipande vya plastiki unavyovikata kimoja kimoja, unavibandika kwa gundi, unapaka rangi, mwisho unapata gari kamili kama lile la barabarani, ila dogo. Shemeji aliagiza aina ileile ya gari lao, kwa sababu alijua jinsi jamaa alivyolipenda. Alitaka tu mikono yake ipate shughuli.

Juu ya boksi kulikuwa na picha ya gari jipya, linang'aa. Je, mnadhani alijenga hilo?

Alijenga lililogongwa. Alikwangua plastiki ya boneti kwa wembe, upande wa ndani, mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, kisha akaipitisha juu ya mshumaa na kuikunja taratibu. Kioo cha mbele alikitoa kwenye chupa ya maji, akakipasuapasua kwa sindano. Kutu aliitengeneza kwa vumbi jekundu la uani na machicha ya chai. Na pale aliposahau kitu, alikwenda kituo cha polisi. Mnajua magari ya ajali yanavyolazwa uani kwa polisi mpaka nyasi zinaota kwenye viti? Lake lilikuwa pale. Askari walimzoea, wakawa wanampa kigoda. Anakaa, anatazama, anarudi nyumbani, anakunja kidogo zaidi.

Alikuwa anatafuta nini? Nitawaambia, maana hata yeye hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa anatafuta kosa lake. Alidhani akiupata ule mbonyeo sawasawa, ataona kama angekata usukani mapema kidogo, mama wa mtoto angekuwa jikoni sasa hivi anamgombeza kwa kuchafua meza.

Na mtoto je? Mtoto alikuwa humo humo ndani. Asubuhi anasema, "Shikamoo, baba." Baba anajibu, "Marahaba." Basi, maneno ya siku yamekwisha. Binti anapika, anamwekea baba yake chakula pembeni ya gundi na rangi, anakwenda kula jikoni peke yake, akimsikiliza baba akikwangua plastiki upande wa pili wa ukuta. Alipotoka kufunguliwa bendeji alirudi nyumbani akasimama mlangoni mwa kile chumba, mkono wake mwembamba umenyooka, ili baba auone. Baba alikuwa ameinamia taa ya kushoto. Hakugeuka.

Ndugu zangu, kukaa peke yako ni kugumu. Lakini kukaa peke yako huku mwenzako yupo, unamsikia akikohoa, huo ni upweke unaotafuna mifupa. Baadhi yenu mnaujua. Naona mmeinamisha vichwa, sitataja mtu.

Sasa dada yake yule baba, shangazi wa binti, akaja kutembea. Alikaa siku chache akaona inatosha. Akamfuata kaka yake mezani.

"Kaka, huyu mtoto namchukua. Akae kwangu."

"Amesema anataka kwenda?"

"Atasema na nani humu ndani? Na hilo dude lako?"

Yule baba akachovya brashi. Kisha akasema, "Mchukue," akaendelea kupaka kutu. Alimpenda binti yake, msije mkakosea hapo. Alikuwa anaona aibu kumtazama mtoto aliyemuulia mama.

Asubuhi ya safari, shangazi yuko nje na mizigo, binti akaingia kuaga. Na kwa mara ya kwanza akaliona lile gari kwa karibu, maana lilikuwa limekwisha, baba ameshaliachia mezani. Akaweka begi chini. Akaliinua kwa mikono miwili, akaligeuza, akalichungulia. Boneti, sawa. Kioo, sawa. Hata kitambaa cha kichwa cha mama yake kilikuwapo kwenye dashibodi, kipande kidogo kama ukucha. Halafu akafika kwenye mlango wa nyuma. Baba yake alikuwa ameufunga kwa waya mwembamba, umezungushwa kwenye kitasa.

"Baba, hapa umekosea."

Yule baba akakasirika. Angalau alikasirika! Kukasirika nako ni kuzungumza. "Nimekosea wapi? Nimeliangalia kwa macho yangu kule polisi. Waya upo."

"Waya walifunga polisi, wakati wanalivuta. Siku ile mlango huu ulikuwa wazi. Watu waliuvunja kwa mtaimbo."

Baba akautazama mlango. Zile alama karibu na kitasa alikuwa ameziona kule polisi, akazichonga zote, akidhani ni za ajali.

"Watu gani?"

"Waliokuwa wanatoka shambani. Walifika kwanza kwa mama, wakaanza kuvunja mlango wake."

"Mama yako alikuwa hai?"

Binti alikuwa amesubiri swali hilo tangu hospitali. Alikaa nalo kimya, akipika, akiosha vyombo, akisema shikamoo. Akajibu, "Alikuwa hai, baba. Aliwaambia, 'Niacheni mimi, fungueni nyuma kwanza. Kuna mtoto.' Wakazunguka nyuma. Waliponitoa, waliporudi kwake, alikuwa ameshalala."

Nje shangazi akapiga kelele kwamba gari la abiria limefika.

Yule baba akachukua wembe. Shangazi aliyekuwa anaingia kwa hasira alishtuka, akadhani kuna jambo baya. Lakini baba alikata ule waya tu. Akaufungua mlango wa nyuma kwa ncha ya kidole, ukabaki wazi. Kisha akamshika binti yake ule mkono uliovunjika, akaupapasa kutoka bega mpaka kwenye vidole, kama mtu anayeuona leo, na kwa kweli alikuwa anauona leo. Akalia mpaka shangazi mwenyewe akarudisha mizigo ndani bila kuambiwa.

Sasa nisikilizeni, nakwenda kumaliza.

Sisi ni mafundi. Msikatae. Msiba uliotupata tunaujua kila kona yake. Nani hakuja kutuzikia wetu, nani alisema nini, sisi wenyewe tulikosea wapi. Tunakunja, tunapaka kutu, tunarudi kuangalia tena ili tusikose hata mkwaruzo. Na Mungu atusamehe, wakati mwingine tunaiita kazi hiyo kukumbuka. Yule baba alikumbuka kila kitu isipokuwa kitu kimoja ambacho mkewe alikifanya kwa pumzi yake ya mwisho. Mke wake alitoa roho yake ili mtoto atolewe. Yeye akamwacha mtoto jikoni, akakaa na gari.

Kwa nini hakujua? Kwa sababu hakuuliza. Jibu la alichokuwa akikitafuta kule polisi lilikuwa linamletea ugali kila siku.

Nyumbani kwako nani anakula jikoni peke yake? Ni nani mliyepona naye, na tangu siku ile hamjatazamana? Wewe mama uliyezika mtoto, yule aliyebaki ulimuuliza lini naye amelalaje? Wewe mzee unayejua idadi ya mawe kwenye kaburi, unajua mjukuu wako anaogopa nini?

Leo sitaomba maombi marefu, na kwaya itanisamehe, wimbo wa mwisho tutauacha. Nendeni nyumbani. Kaeni karibu na huyo mtu. Shikamoo na marahaba zikishapita, msiondoke. Ulizeni.