Ngiri Mkaguzi Ndani ya Ngoma

"Masikio yako wapi?"
"Yapo kichwani!"
"Na midomo?"
"Tumeifunga!"
"Basi ifungeni vizuri, maana nina jambo la aibu la kuwasimulia."

Hapo kale, Mfalme Tembo alipenda ngoma kuliko kitu chochote. Kila mwaka serikali yake ilitoa mtama na ngozi mpya kwa vikundi vyote vya wachezaji. Na mgao wote ulipitia kwa Bwana Ngiri, Mkaguzi wa Ngoma.

Kikundi cha kwanza kikaja, kikacheza. Ngiri akasema, "Hamjafikia kiwango." Mtama akala yeye, ngozi akalalia.

Kikundi cha pili kikaja, kikacheza. "Hamjafikia kiwango." Mtama akala yeye, ngozi akalalia.

Cha tatu kilikuwa kikundi cha Kindi. Mchezaji wao hodari, Mama Kanga, alikuwa hajala siku mbili. Akazunguka mara moja, akazunguka mara mbili, puu! Akaanguka, akateguka mguu. Ngiri akaandika, "Hajui kucheza." Mtama akala yeye, palepale, huku akimtazama.

Kindi alimwinua mwenzake, wakaenda zao.

Mwaka uliofuata Mfalme akatangaza kwamba atakuja kutazama mwenyewe. Asubuhi ya siku hiyo Kindi akamwendea Ngiri.

"Mheshimiwa, nimekuja kuungama. Ndani ya ngoma yetu kubwa tumeficha mtama."

Ngiri akaruka. "Mtama ambao haujakaguliwa! Kiasi gani?"

"Humo ndani ni giza, mheshimiwa. Labda uingie mwenyewe."

Ngoma yenyewe ilikuwa gogo zima lililochongwa uwazi, limelazwa chini, upande mmoja ngozi, upande mwingine wazi. Ngiri akawafukuza wote, kwa kuwa hakupenda kuonekana akila. Akajipenyeza. Kwacha, kwacha, kwacha! Akala mpaka tumbo likafura. Kutoka sasa? Akasukuma mbele, akasukuma nyuma. Wapi!

Mara vishindo, vigelegele, Mfalme amefika. Ngiri akataka kupiga kelele, akajizuia. Atasema alifuata nini humo?

Ndi! Ndi! Ndi! Meno ya Ngiri yakagongana. Kindi akaimba:

"Mtama wetu u wapi?"

Ndi! Tumbo la Ngiri likajibu, buuu!

"Ngozi zetu zi wapi?"

Ndi! Buuu!

Mfalme akacheka mpaka akashika mti. "Ngoma hii inasema! Ipewe mgao maradufu!" Wanyama wote wakacheka. Humo ndani Ngiri alifumba macho, masikio yakamwaka moto.

Kicheko kilipotulia, Kindi akauliza polepole, "Na Mama Kanga alianguka kwa nini?"

Hakuna aliyepiga ngoma. Tumbo nalo kimya. Kwenye ngozi ile nyembamba, Ngiri akaona kivuli cha Mama Kanga, mguu mmoja ungali unachechemea.

"Kwa njaa," sauti ikatoka ndani ya gogo. "Kucheza anajua. Hata siku ile nilijua kwamba anajua."

Gogo likapasuliwa. Ngiri akatoka na makapi ya mtama puani, akapiga magoti mbele ya Mama Kanga.

"Nisamehe, mama."

Mama Kanga akamtazama. "Ulikuwa mtamu?"

"Nini, mama?"

"Mtama."

Mama Kanga akamwacha hapo, akaenda uwanjani kucheza na mguu wake uleule.

Mfalme alimvua Ngiri cheo siku hiyohiyo. Lakini hakuna aliyemwambia apige magoti kila anapokula. Hilo alijihukumu mwenyewe, na hata leo ukimkuta ngiri akila majani, yupo magotini, uso chini.

Ngano yangu imefika mwisho. Aliyesinzia amwulize jirani. Na funzo? Enyi wakaguzi wa sanaa mlioketi hapa, msiingie ndani ya ngoma hata siku moja. Kaleni ofisini, mkiwa mmefunga mlango, kama watu wenye heshima zao.