Mdogo Hamtangulii Mkubwa

Kifo alimkuta Bi Mashavu jikoni akikaanga maandazi ya harusi ya mjukuu wake.

"Shikamoo," Bi Mashavu alimwamkia.

Kichwa kilimvimba Kifo, maana hakuzoea kuamkiwa. "Marahaba! Haya, nawa mikono, twende."

"Nyumba hii mdogo hamtangulii mkubwa, iwe kula, iwe kufa. Mama yangu yupo uani."

Kifo alimfuata mama uani, akamkuta anapasua kuni, akamwambia waondoke. "Shikamoo! Mimi nimtangulie mama yangu? Watu watasema sina adabu! Yule pale."

Bibi kizee alikuwa juu ya paa, anaziba panapovuja. "Shikamoo!" alipaza sauti.

"Marahaba! Na wewe una mkubwa wako?"

"Sina, wote tumeshawazika."

"Basi shuka, tuanze na wewe!" Kifo alipiga makofi kwa furaha.

"Ngoja kidogo," Bi Mashavu alisema akitokea jikoni. "Bibi amekuamkia, ukaitikia?"

"Nimeitikia."

"Mkubwa ni nani, anayeamkia au anayeamkiwa?"

Kifo alijikuna kisogo. "Anayeamkiwa."

"Basi mkubwa wa hapa ni wewe. Tangulia kufa, baba, sisi tunakuja. Shika na andazi la njiani."