Mlima wa Kitopeni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mji?
Ukawa!
Una mlima?
Hauna!
Haya, sogeeni, na wewe wa nyuma usinisukume.

Hapo kale palikuwa na mji mdogo uitwao Kitopeni. Tambarare, tambarare, tambarare tupu. Ukiangusha chungwa, linakaa pale pale linakutazama. Humo aliishi Bi Mashavu, mfinyanzi. Kitopeni hapakuwa na gulio, basi alibeba vyungu kichwani siku mbili hadi mji wa jirani. Akitoka na kumi, hufika na vinne na shingo imepinda. Alichoka jamani, alichoka mpaka akawa analia njiani.

Siku moja ikaja habari: karani anapita kuandika miji. Mji wenye mlima, mto na historia utapewa gulio. Usio navyo, ndiyo basi tena.

Wazee wakakaa kitako wakikuna vichwa. Bi Mashavu akasema, "Mlima nitawapa mimi."

Akawapeleka kwenye pumba za mpunga. Watu wakabeba, wakamwaga, wakarundika. Siku ya tatu pumba zikapita mapaa ya nyumba. Wakatandaza udongo kidogo na nyasi juu yake. Kisha wakachimba mfereji, na vijana kumi wakajificha migombani na madumu ya maji. Huo ndio mto.

Karani Mbaruku akafika, miwani puani, daftari kwapani.

"Mto uko wapi?"

Bi Mashavu akakohoa. Madumu yakamiminwa, mto ukapita. Karani akaandika.

"Na mlima?"

"Ule pale, Bwana Karani. Utazame kwa mbali, ndiyo heshima yake."

"Mimi mlima naupanda."

Hatua ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, fyuu! Karani akazama hadi kwapani, akapiga mayowe. Vijana wakatupa madumu, wakakimbia kumvuta, na mto ukakauka hapo hapo.

Nyinyi mnacheka. Bi Mashavu hakucheka, maana aliliona gulio lake likimponyoka.

"Mlima wa uongo, mto wa uongo," Karani akasema huku akitema pumba. "Na historia je?"

Bi Mashavu akamfuta uso kwa kanga, taratibu. "Hatukuwa nayo, Bwana Karani. Sasa tunayo. Hapa ndipo Karani Mbaruku alipozama kwenye pumba. Watoto wataijua, wajukuu wataijua, na kule gulioni kwa jirani nitamsimulia kila mteja."

"Kwa jina langu?"

"Na la baba yako, ukinitajia."

Karani akaomba atafutiwe kalamu yake pumbani. Akaandika: Mlima upo. Mto upo. Historia, wenyeji wameisahau. Wapewe gulio.

Jumamosi ya kwanza ya gulio Bi Mashavu akauza vyungu kumi mlangoni pake, vyote vizima. Alifurahi hadi akasahau kula. Mgeni mmoja akamuuliza, "Mama, ule mlima ulioandikwa uko wapi?"

Kuku wa Kitopeni walikuwa wameshaufukua na kuula wote. Bi Mashavu akamwonyesha jogoo mnene aliyekuwa akikatiza njia.

"Kipande chake kile kinapita."

Ngano yangu naitua hapo. Aliyecheka akalale, aliyesinzia aoshe vyungu.